Jinsi ya kutuma barua pepe za kazi kwa anwani ya pili kupitia seva ya kampuni: mwongozo kamili

Una anwani yako ya kazi, tuseme asha@duka.example. Mkuu wako anataka ankara zote zitoke kwa ankara@duka.example. Unafungua programu ya barua pepe, unabadilisha anwani ya mtumaji, unatuma. Hapo seva, yaani kompyuta inayotuma na kupokea barua za kampuni, inakataa. Au barua inafika, ila mteja anaiona anwani yako ileile ya zamani. Au inaondoka bila kelele na kutua kwenye barua taka za mteja, na hakuna anayejua mpaka siku ya kudai malipo. Hili la mwisho ndilo linaloumiza watu.

Karibu kila anayekwama hapa amekwama kwa sababu moja. Ameshughulikia kinachoonekana, yaani anwani ya mtumaji, akaiacha seva. Mambo matatu huangaliwa: umeingia kwa akaunti ya nani na unataka kuonekana kwa anwani gani, haya huangaliwa na seva yenu; na kama mwenye domeni (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) ameiruhusu seva hiyo itume kwa jina lake, hili huangaliwa na seva ya mteja. Yote matatu yakikubaliana, barua inafika. Moja likipishana, utahangaika hata ukibadilisha programu mara kumi.

Domeni ya duka.example ni ya mfano tu. Weka ya kwenu. Seva nitakayoifuata ni ya aina inayotumiwa na kampuni nyingi ndogo: huduma ya kukodi yenye cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia seva kupitia kivinjari. Wenye Microsoft 365 na Google Workspace wana sehemu yao mbele, ila nao wasiiruke hatua ya 1 wala ya 6.

## Andaa vitu hivi kwanza

Usifungue mipangilio yoyote kabla hujaviandika vyote mahali pamoja:

- Anwani ya pili iliyokwisha kuundwa, na nenosiri lake kama ina sanduku lake.
- Jina la seva ya kutuma, kwa kawaida mail.duka.example. Kwenye cPanel utalikuta ukifungua "Email Accounts", kisha "Connect Devices" mbele ya anwani husika.
- Poti (namba ya mlango wa seva) na aina ya usimbaji (kufunga ujumbe usisomeke njiani). Ni 465 kwa SSL/TLS, au 587 kwa STARTTLS.
- Mtu mwenye uwezo wa kuhariri rekodi za DNS za domeni (DNS ni daftari la umma la intaneti linalohifadhi taarifa za domeni). Ulizia mapema, kwa sababu mara nyingi ni fundi aliyetengeneza tovuti miaka mitatu iliyopita na namba yake ya simu imebadilika.
- Anwani moja ya Gmail isiyo ya kazi, ya kujaribia.
- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwajiri, kama utatumia akaunti yako binafsi ya Gmail kutumia anwani ya kampuni.

Ruhusa hiyo ichukulie kwa uzito. Barua za wateja zitabaki kwenye akaunti yako binafsi hata ukiacha kazi, na barua hizo zina majina, namba za simu na madeni ya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kama kampuni inaweza kukupa sanduku kwenye seva yake, chukua hilo na uiache Gmail binafsi.

## Hatua ya 1: Hakikisha anwani ya pili inapokea barua

Inaonekana ni kazi ya kijinga, lakini wengi wanakwama hapa. Huduma kama Gmail hutuma namba ya uthibitisho kwenye anwani unayotaka kuiongeza. Kama anwani hiyo haipo kwenye seva, namba hiyo haifiki popote, nawe utakaa ukiisubiri.

Kuna njia mbili za kuiunda. Unaweza kuipa sanduku lake lenye nenosiri lake, au ukaifanya ielekeze barua kwenye anwani yako ya kawaida. Kwa anwani itakayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, kama ankara@ au mauzo@, ipe sanduku lake. Ya kuelekeza tu haina nenosiri, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye seva ya kutuma. Itabidi uingie kwa akaunti yako halafu uonekane kwa jina lake, na si kila seva inakubali hilo.

Umefanikiwa ukituma barua kutoka Gmail yako ya majaribio kwenda ankara@duka.example na kuiona imeingia ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 2: Pata ruhusa ya kutuma kwa anwani hiyo

Kama utaingia kwa jina la anwani ileile utakayoionyesha, yaani unaingia kama ankara@ na kutuma kama ankara@, ruhusa unayo tayari. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza.

Kama lazima uingie kama asha@ na kutuma kama ankara@, mwombe msimamizi wa seva akuunganishe. Kwenye seva inayotumia programu ya Postfix ana orodha inayosema akaunti ipi inamiliki anwani zipi, na seva iliyowekwa vizuri humkataa yeyote asiye kwenye orodha. Usimlaumu kwa hilo. Bila kizuizi hicho, mfanyakazi yeyote angeweza kuwaandikia wateja kwa jina la mkurugenzi.

Mwandikie hivi: "Naomba akaunti asha@duka.example iruhusiwe kutuma kwa anwani ankara@duka.example, na barua zinazotoka zisibadilishwe anwani ya mtumaji." Sehemu ya pili ya ombi ina sababu yake. Zipo seva zisizokataa, bali hubadilisha anwani ya mtumaji kimyakimya na kurudisha ile uliyoingia nayo. Ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba wameweka kila kitu sawa na mteja bado anaona jina la zamani.

## Hatua ya 3: Pima kama njia iko wazi

Kabla ya kuweka nenosiri popote, hakikisha mtandao wako unakuruhusu kuifikia seva. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection mail.duka.example -Port 465

Mstari wa mwisho ukisema "TcpTestSucceeded : True", njia iko wazi. Ukisema False, jaribu 587. Zote mbili zikikataa, washa intaneti ya simu yako uunganishe kompyuta, kisha rudia. Ikikubali kwa simu na kukataa ofisini, tatizo liko kwenye ruta au ukuta wa usalama wa ofisi.

Usitumie poti 25. Hiyo ni ya seva kuzungumza na seva nyingine, na watoa huduma wengi wa intaneti wameifunga kwa wateja wa kawaida ili kuzuia barua taka.

## Hatua ya 4: Ingiza mipangilio

### Kwa Thunderbird

Fungua "Account Settings". Chini kabisa ya orodha ya kushoto utaona "Outgoing Server (SMTP)". Ongeza seva mpya:

1. Jina la seva: mail.duka.example.
2. Poti 465, usalama "SSL/TLS". Ukichagua 587, basi "STARTTLS". Usizichanganye. Kwenye 465 mazungumzo yanasimbwa tangu neno la kwanza. Kwenye 587 yanaanza wazi, kisha pande zote mbili zinakubaliana kuyasimba. Ukizipindua, programu itasubiri jibu lisilokuja mpaka ichoke.
3. Njia ya kuingia: "Normal password". Nenosiri halipiti wazi, kwa kuwa njia nzima imeshasimbwa.
4. Jina la mtumiaji: anwani nzima, ankara@duka.example. Kuandika "ankara" peke yake ni kosa la kawaida sana kwenye cPanel, ambako seva moja inahudumia domeni nyingi na haijui ankara ni ya nani.

Sasa rudi kwenye akaunti yako, bonyeza "Manage Identities", kisha "Add". Weka jina litakaloonekana, mfano "Duka – Ankara", weka anwani, na sehemu ya seva ya kutuma chagua ile uliyoiongeza sasa hivi. Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Thunderbird ikiachwa ilivyo hutumia seva ya kawaida ya akaunti, na barua yako yenye jina la ankara@ itapitia mlango usio wake.

Ukifungua barua mpya, nafasi ya mtumaji itakuwa na mshale wa kuchagua. Ukiiona ankara@ hapo, umefanikiwa.

### Kwa Gmail

Fanya kazi hii kwenye kompyuta. Programu ya simu haina sehemu ya kuongeza anwani, ila ukishamaliza kwenye kompyuta anwani itaonekana kwenye simu pia.

Bonyeza alama ya gia, "See all settings", kisha "Accounts and Import". Kwenye "Send mail as" bonyeza "Add another email address". Andika jina na anwani. Alama ya "Treat as an alias" iondoe kama anwani ni ya idara nzima. Iache kama ni yako peke yako.

Ukurasa unaofuata unauliza seva. Weka mail.duka.example, poti 465, SSL, jina la mtumiaji likiwa anwani nzima, na nenosiri la anwani hiyo. Gmail wakati mwingine hujaza jina la seva kwa kukisia; lifute uandike la kwenu. Usiweke smtp.gmail.com. Ukiweka hiyo, barua itatoka kwenye seva za Google ikiwa na jina la domeni ambayo huenda haijawahi kuiruhusu Google itume kwa niaba yake, na seva ya mteja italiona hilo mara moja.

Namba ya uthibitisho ikifika ankara@, iingize. Kisha kwenye "Accounts and Import" palepale, chagua "Reply from the same address the message was sent to". Usipofanya hivyo, mteja aliyeandika kwa ankara@ atajibiwa kutoka anwani yako binafsi.

### Kwa Microsoft 365 na Google Workspace

Hapa huhitaji kugusa poti. Kwenye Microsoft 365, msimamizi aunde sanduku la pamoja, kisha akupe ruhusa ya "Send as". Akikupa "Send on behalf" badala yake, mteja ataona kwamba umetuma kwa niaba ya ankara@, pamoja na jina lako. Sanduku la pamoja halihitaji leseni yake mpaka GB 50. Ruhusa inaweza kuchukua hadi saa moja kuanza kufanya kazi, kwa hiyo usianze kubadilisha mambo mengine ndani ya saa hiyo.

Kwenye Google Workspace, msimamizi anaweza kumwongezea mtumiaji mmoja hadi anwani 30 za ziada bila malipo. Akishaongeza, nawe bado lazima uingie kwenye "Send mail as" uiweke. Wengi humaliza upande wa msimamizi na kudhani kazi imekwisha.

## Hatua ya 5: Iruhusu seva kwenye DNS

Barua imekubaliwa na seva yenu. Sasa seva ya mteja nayo ina swali lake: je, duka.example imeitambua hii seva iliyoniletea barua? Jibu inalitafuta kwenye DNS. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi (kwa Google ni barua zipatazo 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail) wanatakiwa kuwa na zote mbili pamoja na DMARC; nitazieleza moja moja hapa chini. Mimi nakushauri uweke zote tatu hata kama unatuma ankara kumi kwa wiki.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni. Ni rekodi ya aina ya TXT, na inafanana na hii:

v=spf1 a mx ip4:192.0.2.10 ~all

Namba hiyo ni ya mfano; weka ya seva yenu. Kabla ya kuandika chochote, angalia kilichopo kwa amri hii kwenye PowerShell:

nslookup -type=txt duka.example

Sikiliza hapa vizuri. Domeni inatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, zote zinahesabika kuwa mbovu. Niliwahi kukaa na karani wa hesabu aliyeamini wateja wake wanamkwepa. Aliwapigia simu kwa hasira, nao wakajibu kwamba hawajapata ankara yoyote. Tulipochungulia, fundi wao alikuwa ameongeza rekodi ya pili ya SPF badala ya kuhariri ya kwanza, na ankara za mwezi mzima zilikuwa zimelala kwenye barua taka. Uhusiano wake na wateja wawili haukurudi kama zamani. Kama rekodi ipo, ihariri, usiongeze nyingine. Na usijaze "include" nyingi ndani yake (maneno yanayoingiza orodha ya seva za huduma nyingine), kwani ukaguzi unaruhusiwa kuuliza DNS mara 10 tu.

DKIM ni sahihi ya kidijitali ambayo seva huiambatisha kwenye kila barua, na ufunguo wa kuihakiki unakaa kwenye DNS. Hii huiandiki kwa mkono. Kwenye cPanel fungua "Email Deliverability". Ukurasa huo unakuonyesha kama SPF na DKIM ni sawa, na una kitufe cha kurekebisha. Kama DNS yenu inakaa kwingine, kitufe hakitasaidia. Nakili maandishi unayopewa ukayabandike huko inakokaa.

DMARC inasema seva ya mteja ifanye nini barua ikishindwa ukaguzi. Anza na ya upole, kwenye jina _dmarc.duka.example:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@duka.example

Usianze na "p=reject". Ukisahau seva moja tu, mfano ile ya tovuti inayotuma risiti, barua zake zitakataliwa kila mahali.

Mabadiliko ya DNS hayaonekani papo hapo. Kwenye cPanel muda wa kawaida ni sekunde 14,400, yaani saa nne. Fanya kazi hii jioni, ujaribu asubuhi.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa macho yako

Usijaribu kwa kujitumia mwenyewe ndani ya kampuni. Barua ya ndani haitoki nje ya seva, kwa hiyo haikaguliwi na mtu.

Tuma kwenda Gmail ya majaribio. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vitone vitatu kando ya kitufe cha kujibu, chagua "Show original". Juu kabisa utaona mistari mitatu: SPF, DKIM na DMARC. Unataka neno PASS kwenye yote.

SPF na DKIM zikipita na DMARC ikafeli, maana yake zimepita kwa domeni nyingine. Tazama maandishi yaliyo kando yake. Ukikuta jina la kampuni inayowakodisha seva badala ya duka.example, rudi hatua ya 5: DKIM haijawashwa kwa domeni yenu.

Kisha bonyeza kujibu ukiwa kwenye Gmail hiyo, uone jibu linaelekea anwani gani. Lazima iwe ankara@. Mwisho, tuma tena ukiwa umeambatisha faili halisi la ankara, maana barua tupu huweza kupita palipo na ugumu kwa yenye kiambatisho.

## Hatua ya 7: Nakala ziwekwe panapoonekana

Seva ya kutuma haihifadhi nakala kwa kawaida. Programu yako ndiyo inayohifadhi. Ukituma kama ankara@ kupitia Thunderbird, nakala huweza kuingia kwenye folda ya Asha, na mwenzako wa zamu ya mchana asijue kwamba ankara imeshatumwa. Mteja anapata mbili.

Ongeza ankara@ kama akaunti kamili kwenye Thunderbird, kisha kwenye "Copies & Folders" za utambulisho huo elekeza nakala kwenye folda ya barua zilizotumwa ya ankara@. Kwa aliye kwenye Gmail binafsi njia hii haipo; ajiwekee ankara@ kwenye nakala iliyofichwa kila anapotuma.

## Ukikutana na ujumbe wa makosa

535. Jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi. Tumia anwani nzima. Kama akaunti ina uthibitisho wa hatua mbili, nenosiri la kawaida linaweza kukataliwa. Tengeneza nenosiri la programu. Usijaribu zaidi ya mara tatu mfululizo. Seva nyingi humfungia anayekosea mara nyingi, na kwa kuwa ofisi nzima hutoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP, utawafungia wenzako wote barua pepe. Hilo likitokea, msimamizi pekee ndiye wa kuwafungulia.

"Sender address rejected: not owned by user". Umeingia vizuri, lakini anwani si yako. Rudi hatua ya 2.

"Relay access denied". Hujaingia kabisa. Sehemu ya njia ya kuingia imebaki tupu, au unatumia poti 25.

Onyo la cheti (hati inayothibitisha utambulisho wa seva). Jina uliloandika halilingani na lililo kwenye cheti cha seva. Usibonyeze kukubali ili tu liondoke, kwa sababu ndivyo nenosiri linavyoweza kuibwa. Muulize anayewakodisha seva jina sahihi. Gmail yenyewe haitakupa hata nafasi ya kukubali, itakataa.

550 5.7.26. Gmail imeikataa barua kwa kuwa haikuthibitishwa. Rudi hatua ya 5.

Inasubiri kisha inakata. Rudi hatua ya 3.

## Mtu akiondoka kazini

Badilisha nenosiri la ankara@ siku hiyohiyo, wala usingoje mwisho wa mwezi. Seva itaanza kuikataa programu yake, hata ile ya Gmail aliyoiweka nyumbani. Kama alikuwa akiingia kwa akaunti yake mwenyewe, mwambie msimamizi amwondoe kwenye orodha ya hatua ya 2 na aifunge akaunti. Kisha tuma ankara moja ya majaribio kutoka kwa kila anayebaki, maana nao lazima waingize nenosiri jipya, na ni bora wagundue leo kuliko tarehe 30.